Bakteria wa kwetu, mali tunayoiogopa

Suruali ya jinzi iliyopauka mapajani na magotini, ile ambayo kijana wa Kariakoo au Gikomba huivuta kutoka ndani ya robota la mitumba kwa sababu inaonekana kama imeshakula chumvi nyingi, zamani ilipaushwa kwa mawe. Viwandani walizitia suruali mpya kwenye mashine kubwa za kufulia pamoja na mawe mepesi ya volkeno, wakazizungusha hadi rangi ikachubuka. Mawe yale yaliumiza mashine, yakachana vitambaa na kujaza mchanga kwenye mabomba ya majitaka. Baadaye ikapatikana njia ya upole zaidi, nayo ni kutumia kimeng'enya kinachotafuna nyuzi za juu juu za pamba na kuiacha rangi ya bluu itoke yenyewe. Kimoja cha vimeng'enya hivyo asili yake ni bakteria waliochotwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, nchini Kenya.

Jambo hilo lilizua ugomvi hadharani mwaka 2004. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika kwamba kampuni ya Genencor ya Marekani inavuna fedha kwa kutumia viumbe vilivyotoka ndani ya hifadhi zake bila Wakenya kuambulia chochote. Sampuli zilikuwa zimekusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, wakiongozwa na William Grant. Upande wa pili ulijitetea kuwa kazi ilifanywa kwa vibali. Sheria za kimataifa za wakati ule zilikuwa legelege kiasi kwamba kila upande uliweza kujiona una haki. Mkataba wa Nagoya, unaotaka nchi yenye kiumbe ipate sehemu ya faida, ulipitishwa mwaka 2010 na ukaanza kutumika 2014. KWS yenyewe haikuungoja. Mwaka 2007 ilitiliana saini na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii masharti yakiwa yameandikwa kabla ya chupa ya tope kuvuka mpaka.

Kwa nini watu watoke Ulaya kuja kuchota tope la Bogoria, mojawapo ya maziwa hayo ya magadi? Kwa sababu maji ya pale ni makali. Yana magadi mengi, yanachoma ngozi, na kandokando yake kuna chemchemi zinazotokota. Kiumbe kinachoishi humo lazima vimeng'enya vyake vistahimili magadi na joto. Sabuni ya unga nayo ni ya magadi. Kimeng'enya cha kawaida kikitiwa kwenye sabuni hiyo huharibika mara moja, lakini cha bakteria wa Bogoria kinajiona kiko nyumbani.

Nimeanza na suruali kwa makusudi, maana wengi wetu tulipata somo la bakteria shuleni kwa mpangilio mmoja tu: jina la ugonjwa, dalili, kinga, tiba. Tukatoka darasani tukijua kuwaogopa. Somo lile halikuwa la uongo. Watoto wengi wako hai kwa sababu mama zao walilishika. Lakini lilikuwa nusu ya somo, na nusu iliyobaki imetugharimu zaidi ya mrabaha wa suruali za jinzi.

Tubaki kidogo kwenye maziwa hayo. Rangi ya kijani iliyokolea katika Bogoria, na Nakuru katika miaka yake mizuri, ni ya bakteria wanaotengeneza chakula chao kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Wanaitwa sayanobakteria. Mmoja wao ndiye huyo anayekaushwa, kusagwa na kuuzwa kwa bei ya juu kwenye maduka ya vyakula vya afya kwa jina la spirulina. Heroe mdogo humla bure. Huinamisha kichwa, akageuza mdomo juu chini, akachuja maji, na rangi iliyomo ndani ya bakteria hao ndiyo inayoyapa manyoya yake wekundu ule unaoleta watalii. Kinda wa heroe huzaliwa wa kijivu. Kwa hiyo mtalii anayelipa kiingilio getini kuona ukingo wa ziwa uliogeuka waridi analipia, kwa njia ya mzunguko, rangi ya bakteria.

Katika vifo vya heroe vilivyotokea kwenye maziwa hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichunguza mizoga wakakuta ndani yake sumu za sayanobakteria, wa aina wanaoota kama utando kwenye chemchemi za moto anakokwenda ndege kunywa na kuoga. Kundi lilelile linalomlisha lina ndugu wanaoweza kumuua. Na maji ya maziwa yanapopanda, kama yalivyopanda katika miaka ya karibuni hadi kumeza barabara na majengo Nakuru na Baringo, magadi huzimuliwa, spirulina hupungua, na heroe huhama.

Shambani habari ni fupi na mkulima anaijua kwa macho, hata kama hajaambiwa jina lake. Ng'oa mche wa kunde au maharage taratibu, tikisa udongo, utaona vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cha kijani au cheupe, kimelala au kimekufa. Ndani yake wanaishi bakteria wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza mbolea, na mmea huwalipa sukari. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao mwaka 1888, lakini bibi zetu waliochanganya mahindi na kunde katika shamba moja hawakumsubiri. Soya ndiyo yenye taabu kidogo: ni mgeni, na katika mashamba mengi ya Afrika haimkuti mwenzake wa asili ardhini. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Nairobi kikatengeneza pakiti za bakteria ziitwazo Biofix, ambazo mkulima hupakaza kwenye mbegu kabla ya kupanda. Ukilinganisha na mfuko wa mbolea ya viwandani, pakiti ile ni kitu kidogo cha kushika mkononi. Sijui kwa nini maofisa ugani hawaiimbi kila asubuhi.

Sasa tuingie tumboni, ambako ndiko kuna mengi.

Kwa miaka mingi vitabu vilisema mwili wa binadamu una bakteria mara kumi ya chembe zake mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli walikaa wakapiga hesabu upya, wakapata bakteria wapatao trilioni 38 kwa chembe trilioni 30 za mwili wa mwanamume wa kilo 70. Karibu sawa kwa sawa. Uzito wao wote ni kama gramu 200, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Huko ndiko kunakofika yale ambayo tumbo na utumbo mwembamba vimeshindwa kuyasaga, yaani nyuzinyuzi za mboga, maganda ya nafaka, mizizi. Bakteria huyachachusha, na mabaki ya uchachushaji huo ni asidi laini ambazo ndizo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo wetu. Wasipolishwa wao, ukuta nao hulala njaa.

Ili kujua utumbo wa binadamu ulikuwaje kabla ya mkate wa dukani, wanasayansi walikwenda Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Ni watu wachache, elfu moja na ushei, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda pori, kupasua ubuyu na kurina asali. Mwaka 2014 kundi la watafiti, akiwemo Stephanie Schnorr wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, lilichapisha matokeo ya kulinganisha bakteria wa Wahadzabe 27 na wa Waitalia 16 wa mji wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi. Hilo lilitarajiwa. Yaliyoshangaza yalikuwa mengine mawili.

La kwanza, walikosa kabisa kundi la bakteria liitwalo bifidobakteria, ambalo huko Ulaya huhesabiwa kuwa alama ya tumbo lenye afya na hutiwa kwenye mtindi wa bei. Wahadzabe hawafugi, hawanywi maziwa baada ya kuachishwa ziwa, na matumbo yao yako salama bila wageni hao. La pili, walikuwa na treponema kwa wingi. Daktari akisikia jina hilo hukunja uso, maana bakteria wa kaswende ni wa ukoo huohuo. Lakini hawa wa tumboni hawamuumizi mtu; inaelekea kazi yao ni kusaidia kusaga mizizi migumu. Wanawake, ambao ndio wachimbaji na hula mizizi zaidi, walikuwa nao wengi kuliko wanaume. Hapo orodha ya bakteria wazuri na bakteria wabaya, kama inavyopangwa kwenye matangazo ya mtindi, ilianguka. Uzuri wa bakteria unategemea yuko wapi, pamoja na nani, na anakula nini.

Miaka mitatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Justin Sonnenburg, walionyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hufuata majira. Kiangazi, nyama inapokuwa nyingi, kuna aina zinazojaa. Masika, wakati wa matunda na asali, zilezile hupungua hadi zisionekane, halafu kiangazi kikirudi zinarudi. Na aina hizo zinazokuja na kuondoka ndizo hasa ambazo kwa watu wa miji ya Magharibi zimetoweka moja kwa moja. Mwaka 2023 maabara hiyohiyo ilihesabu kwa kina zaidi, ikapata wastani wa aina 730 katika utumbo wa Mhadzabe mmoja dhidi ya 277 kwa mkazi wa California. Nyingi kati ya hizo 730 hazikuwa zimewahi kuandikwa popote.

Zinapotea vipi? Jibu moja limetoka kwa panya wa maabara. Sonnenburg na wenzake waliwapa panya bakteria wa binadamu, wakawanyima nyuzinyuzi. Kizazi cha kwanza kilipunguza aina za bakteria, lakini walipolishwa vizuri tena, nyingi zilirudi. Wakaendelea kuwanyima watoto, wajukuu, vitukuu. Kufika kizazi cha nne, aina nyingi zilikuwa zimekatika, na hata waliporudishiwa chakula kizuri hazikurudi. Mama hawezi kumrithisha mtoto kile ambacho yeye mwenyewe hanacho.

Mhadzabe wa porini hula gramu 100 na zaidi za nyuzinyuzi kwa siku. Mmarekani wa kawaida hula kama 15. Mkazi wa Mbagala au Kayole yuko wapi kati ya hizo mbili? Anayekula dona, mchicha, maharage na viazi vitamu bado yuko upande wa Eyasi kuliko anavyodhani. Anayeishi kwa sembe nyeupe iliyokobolewa, chipsi na soda ameshaanza safari. Hili nalo limepimwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, yaani soseji, mkate mweupe, chipsi. Wengine wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili tu zilitosha. Damu ya walioletewa soseji ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaotangulia kisukari na magonjwa ya moyo, na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha wazee, na wanywaji wa mbege pia, walielekea upande mwingine, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Wapenzi wa mbege wasikimbilie kilabuni na gazeti hili mkononi. Kilichosifiwa ni kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa kwa hamira na bakteria, kwa kipimo na kwa muda mfupi, si ndoo ya Jumamosi.

Kwa watoto tuna togwa, na hapa ningependa wazazi vijana wanisikilize. Unapika uji wa mahindi, mtama au ulezi, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu, unatia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, unafunika. Kimea kinaulainisha uji mzito ukawa mwepesi bila kuuongezea maji, kwa hiyo tumbo dogo la mtoto linapokea chakula kingi kwa vijiko vichache. Bakteria wa asidi ya maziwa nao wanaingia kazini na kuuchachusha. Uchachu huo ndio kinga. Bakteria wengi wanaoharisha watoto hawawezi kuzaliana humo. Uji mtamu uliopikwa asubuhi na kuachwa mezani hadi saa kumi ni shamba lao. Togwa si shamba lao. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walilinganisha watoto wa vijiji viwili, kimoja kilichozoea kuwapa watoto uji wa kuchachusha na kingine kisicho na desturi hiyo, wakakuta kuhara ni kuchache katika kile cha kwanza. Hakuna kampuni inayotangaza togwa redioni, kwa hiyo mama wa mjini anaamini chupa yenye picha ya mtoto mnene kuliko chungu cha mama mkwe.

Basi, na magonjwa? Yapo, na sitaki msomaji adhani nayapuuza. Ukoma, tauni, kifua kikuu, pepopunda, kifaduro, dondakoo, kimeta, kaswende: yote ni kazi ya bakteria. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikuta aina zipatazo 1,500 za bakteria zilizothibitika kumuambukiza binadamu. Ni nyingi, lakini ni tone katika ukoo wenye aina zisizohesabika.

Hata muuaji maarufu kuliko wote, kipindupindu, ukimchunguza utamkuta ana kwao kwengine. Makao yake ni maji ya mdomo wa mto, pale maji baridi yanapokutana na bahari, na hung'ang'ania viumbe wadogo sana wanaoelea humo. Wengi wa ukoo wake hawamdhuru mtu. Wanaodhuru wamebeba jeni ya sumu ambayo, kama John Mekalanos na Matthew Waldor walivyoonyesha mwaka 1996, huletwa na kirusi kinachowaambukiza bakteria wenyewe. Yaani bakteria aliyeugua ndiye anayetufanya sisi tuugue. Huko Bangladeshi, Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria, lakini kinamzuia yule kiumbe aliyembeba, na wagonjwa wakapungua karibu nusu.

Pwani yetu inamjua kipindupindu kwa uchungu. Daktari Mskochi James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa wimbi la 1869 na 1870, aliandika kitabu kilichotoka 1876 akifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara kupita nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani na kuvuka bahari. Aliuchora kwa njia za biashara kabla Robert Koch hajamtenga bakteria mwenyewe mwaka 1884. Sultani Barghash, aliyeshika kiti mwaka 1870, baadaye alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Na tiba iliyo rahisi kuliko zote, maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, haimgusi hata bakteria mmoja. Inamrudishia mgonjwa maji anayopoteza, na mwili unamaliza kazi iliyobaki.

Nalisema hilo kwa sababu ya kile kinachotokea dirishani pa duka la dawa. Mafua yameingia Jumatatu, Jumanne mtu amenunua amoksilini nusu dozi. Mafua ni kirusi, amoksilini haikijui. Tumbo likimsokota anajinunulia siprofloksasini. Akienda kupima anaambiwa ana UTI na taifodi, jozi ambayo sasa inatembea pamoja kama mapacha katika kila mtaa. Kipimo cha Widal, kinachotumika kwenye vituo vingi kwa sababu ni rahisi na cha bei nafuu, hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta alama alizoacha kwenye damu, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za bakteria wa jamaa yake. Kumtafuta mwenyewe kunataka kuotesha damu maabara kwa siku kadhaa, na maabara za namna hiyo hazitoshi. Kwa hiyo dawa hutolewa kwanza, na mara nyingi swali haliulizwi tena.

Dawa ile haichagui. Inawafyeka wengi wa wale trilioni 38 wasiohusika, na miongoni mwa waliobaki hai wamo wale wenye jeni za usugu. Wanazaliana, na zaidi ya hapo wanapeana jeni hizo hata kwa bakteria wasio wa ukoo wao, kama wanafunzi wanaopeana majibu ya mtihani chini ya dawati. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Kwa mwaka 2019 peke yake, makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet yalisema watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria wao hawakusikia dawa, na eneo lililoumia kuliko yote ni Afrika kusini mwa Sahara. Serikali ya Tanzania imeupa usugu huo jina, UVIDA, na mabango yapo kwenye kuta za hospitali. Bango halioteshi damu.

Wakati mwingine kilichofyekwa hakirudi chenyewe. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayepata nafasi utumboni baada ya dawa kali na kuleta kuhara kusikokwisha. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walitoa matokeo ya tiba ambayo ukiisikia unaweza kusogeza sahani kando: kuchukua kinyesi cha mtu mzima wa afya, kukichanganya na maji ya chumvi, kukichuja na kukipitisha kwa mrija hadi kwenye utumbo wa mgonjwa. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Waliopewa dawa ya kawaida walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Upande wa pili wa kosa hilohilo la kutibu bila kutazama ni papasi, na huyu si wa Amsterdam. Ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za miti, anatoka usiku, ananyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajageuka. Anabeba bakteria mwembamba aliyejisokota kama kizibuo. Watu wa misafara walijua kwamba kulala kwenye kibanda kikuukuu cha kambi ni kutafuta homa. Mwaka 1905 Koch, akiwa Tanganyika chini ya utawala wa Wajerumani, aliwapasua papasi na kuwaona bakteria hao hata ndani ya mayai yao. Wakati huohuo, upande wa Kongo, Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akifuatilia jambo lilelile. Homa ilimkamata katika kazi hiyo, akafariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Bakteria huyo anaitwa Borrelia duttonii kwa jina lake.

Homa ya papasi inakuja kwa siku chache, inaondoka, mgonjwa anashukuru, kisha baada ya wiki hivi inarudi. Inarudi kwa sababu bakteria amebadilisha vazi lake la nje, na kinga ya mwili inayolitafuta lile la zamani haimtambui. Wajawazito hupoteza mimba. Katika Mkoa wa Dodoma, eneo la Mvumi, ugonjwa huu umechunguzwa kwa miaka mingi, na nyumba za saruji na bati zimeupunguza kila zilipofika. Dawa yake ni miongoni mwa zile za zamani na za bei ya chini, penisilini na tetrasaiklini.

Tatizo liko kwenye kumwona. Dalili zake zinafanana na za malaria, na zamani mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria kwenye kioo cha damu angeweza kumkuta bakteria wa papasi akijisokota palepale, bila kumtafuta. Leo vituo vingi vinatumia kipimo cha haraka cha malaria, na kwa malaria kipimo hicho ni neema. Lakini hujibu swali moja tu. Kikitoka hasi, mwenye homa ya Mvumi au ya Kasongo anarudishwa nyumbani, pengine na dawa za UTI na taifodi mkononi. Hadubini nyingi bado zipo kwenye makabati ya vituo hivyo. Katika wilaya ambazo papasi wanajulikana, kinachotakiwa ni agizo la mganga mkuu wa wilaya kwamba homa inayorudi, ambayo kipimo cha haraka kimesema si malaria, itazamwe kwenye kioo kabla mgonjwa hajaandikiwa chochote.